Muluba ni Nani? Ufalme, Chama na Msitu Kandokando ya Luvua

Kiambi iko kando ya mto Luvua, mashariki ya Manono, mahali ambapo anayepanda mto kwa boti kutoka Ankoro hufika mwisho wa safari yake. Kuanzia hapo kuelekea ziwa Mweru maporomoko yameziba njia. Ukiwauliza wenyeji kabila lao, wengi watajibu bila kusita kwamba wao ni Baluba. Jibu hilo lina mambo mengi ndani yake kuliko linavyosikika. Makao ya wafalme wa Baluba hayakuwahi kuwa Luvua. Yalikuwa magharibi, ng'ambo ya Lualaba, katika nchi ambayo tangu 2015 inaitwa jimbo la Haut-Lomami, wakati Kiambi imeangukia jimbo la Tanganyika pamoja na Kalemie, Moba, Nyunzu, Kabalo na Kongolo. Je, watu wa Luvua walipataje kuwa Baluba? Na kwa nini, katika misitu ya nchi hiyohiyo, swali la nani ni Muluba na nani ni Mutwa, yaani mtu wa Batwa, wawindaji wa msitu, limemwaga damu tangu 2013?

Nionavyo mimi, Uluba ulianza kama jambo la kujiunga. Mtu, au ukoo, au sultani wa pembeni aliweza kuingia ndani yake. Ni katika karne ya 20 ambapo Uluba ulifungwa: kwanza na serikali ya Wabelgiji, kisha na siasa za uhuru, mwishowe na hofu ya majirani. Batwa ndio waliogongwa na mlango huo ulipokuwa ukifungwa.

Tuanze na udongo wenyewe, kwa kuwa Baluba wana bahati ambayo mataifa mengi hayana. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu wa mambo ya kale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux, walifukua makaburi ya Sanga kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba. Miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendeleza kazi hiyo katika sehemu nyingine za bonde. Walichokipata ni watu walioishi mahali pamoja, kizazi baada ya kizazi, tangu karibu karne ya 7. Waliwazika wafu wao pamoja na vyungu vizuri, mapambo ya shaba, na katika makaburi machache mashoka ya chuma yaliyonakshiwa, ambayo hayakutengenezwa kwa ajili ya kupasua kuni. Kuanzia karne ya 14 hivi misalaba midogo ya shaba inaongezeka makaburini, na ukubwa wake unazidi kulingana, dalili kwamba ilikuwa imegeuka fedha. Shaba ilitoka kusini, samaki wakavu wa Upemba wakaenda kwa majirani. Kabla ya kuwapo mfalme yeyote ambaye tunaweza kumtaja jina kwa uhakika, palikuwa na soko, ufundi na tofauti ya vyeo.

Masimulizi yanaeleza mambo hayo kwa namna nyingine. Yanasema nchi ilitawaliwa na Nkongolo Mwamba, mfalme wa upinde wa mvua, mlevi na mkatili, asiyejua adabu ya kutawala. Kisha akaja mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtu mpole, mwenye haya, aliyekula chakula chake mafichoni kama inavyompasa mfalme. Mbidi aliwaoa dada za Nkongolo, akarudi kwao, akaacha nyuma mimba iliyozaa Kalala Ilunga. Kijana alipokua, alimzidi mjomba wake katika michezo na vita. Nkongolo akaamuru lichimbwe shimo, likapandwa mikuki ndani, likafunikwa mkeka, kisha akamwita mpwa wake aje kucheza ngoma. Mpiga ngoma akamwonya kijana kwa midundo. Kalala akachoma mkuki wake kwenye mkeka, ukazama, akajua. Alikimbilia kwa baba yake ng'ambo ya mto, akarudi na jeshi, Nkongolo akauawa, na tangu hapo damu ya bulopwe, yaani haki takatifu ya kutawala, ikapitia uzao wa Kalala Ilunga.

Wanazuoni wamegombana sana juu ya masimulizi haya. Wamisionari na maofisa wa kwanza waliyasoma kama kumbukumbu ya matukio na kuyapachika tarehe. Mbelgiji Luc de Heusch, katika kitabu chake cha 1972 juu ya mfalme mlevi, aliyasoma kama fikra kuhusu ulimwengu: mvua na kiangazi, uvundo na adabu. Thomas Reefe, katika kitabu cha 1981, alitafuta njia ya kati, akaonyesha kwamba wafalme tunaoweza kuwafuatilia kwa uhakika fulani wanaanza karne ya 18. Kwa msomaji wa Tanganyika kuna jambo moja katika masimulizi hayo ambalo ni zito kuliko ugomvi wote huo: mwindaji alitoka mashariki. Ustaarabu wa kifalme, kwa maneno ya Baluba wenyewe, haukuzaliwa kwenye makao makuu. Uliletwa na mgeni aliyevuka Lualaba akitokea upande wa Luvua na ziwa Tanganyika. Mtu wa mashariki akisikia hadithi hiyo hajioni kuwa mtu wa kando aliyetekwa. Anajiona yuko upande wa baba wa mfalme.

Hili si jambo dogo tukitazama jinsi ufalme ulivyopanuka. Mwishoni mwa karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19, chini ya Ilunga Sungu na baadaye Kumwimbe Ngombe, nguvu ya Baluba ilivuka Lualaba na kusambaa katika nchi iliyo kati ya mto huo na ziwa Tanganyika. Vita vilikuwepo, mateka na ushuru pia. Hata hivyo, mfalme hakuwa na jeshi la kudumu la kukaa katika kila kijiji cha mito ya Luvua na Lukuga. Alichokuwa nacho ni alama za utawala. Sultani wa mbali aliyekubaliwa na makao makuu alipewa fimbo ya enzi, mkuki, kiti cha kuchongwa, na haki ya kusema kwamba damu yake au moto wake umetoka kwa Mulopwe, yaani mfalme mwenye bulopwe. Yeye alipeleka ushuru. Alichopata ni uhalali mbele ya wapinzani wake wa nyumbani. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, walioandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Kiluba mjini New York mwaka 1996, walikwenda mbali zaidi. Walisema utukufu wa makao makuu ulijengwa kwa sehemu kubwa na masultani wa pembezoni, ambao kila mmoja alihitaji kuwepo kitovu kitukufu ili adai kuwa ametoka huko. Nakubaliana nao. Ufalme wa namna hiyo haujui vizuri mpaka wake uko wapi, wala hauhitaji kujua.

Nani alilinda hesabu ya haki hizo zote? Chama cha bambudye, kilichokuwa na ngazi za kufuzu na nyumba zake katika miji ya masultani. Chombo chao kilikuwa lukasa. Ni ubao wa mti unaoshikika kwa mkono mmoja, umebanwa kidogo kiunoni, mgongo umechongwa kama gamba la kobe, na uso umejaa shanga na simbi zilizopachikwa kwa vijiti vidogo. Msomaji huuegemeza kwenye mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia kikatembea juu ya shanga. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ni sultani na watu wake wa barazani. Mstari wa shanga ni njia, labda ni safari ya Mbidi Kiluwe. Rangi ina maana, ukubwa una maana, na mahali shanga ilipo pana maana. Ila ubao ule haumfungi msomaji kama maandishi yanavyofunga. Bingwa mmoja atasoma nasaba, mwingine mpaka wa nchi, mwingine mpangilio wa makaburi na maskani ya mizimu, kufuatana na shauri lililoletwa siku hiyo na mtu aliyelileta. Historia ilikuwa ni kesi inayosikilizwa upya kila mara mbele ya wenye haki ya kusikiliza. Sultani wa Luvua aliyekuwa na bingwa hodari wa lukasa aliweza kuthibitisha kwamba yeye ni Muluba, na uthibitisho huo ulikuwa halali.

Mwanamke naye alikaa katikati ya jambo hili. Viti vya enzi vya Kiluba, ambavyo leo viko katika makumbusho ya Tervuren, London na New York, mara nyingi hubebwa na mwanamke aliyechongwa, mwili wake umejaa chale za urembo. Mfalme alipokufa, mji wake haukufutwa. Uligeuka kitenta, kituo cha kumbukumbu, na mwanamke aitwaye Mwadi aliingiwa na roho ya marehemu, akakaa humo na watumishi wake, akapokea heshima na zawadi kama mfalme aliye hai. Mfalme mpya alijenga mahali pengine. Hivyo nchi yenyewe ilijaa miji ya wafalme waliokufa ambao bado walisema kwa vinywa vya wanawake. Huwezi kuielewa siasa ya Baluba kwa kusoma orodha ya wanaume peke yao.

Karne ya 19 ilipofika katikati, bunduki na pembe za ndovu zilivunja mizani hiyo. Kutoka mashariki walikuja wafanyabiashara wa pwani kupitia Ujiji na ziwa. Kutoka magharibi wakaja Wabihe na wenzao wa Angola. Kusini, Msiri wa Unyamwezi alijijengea dola yake Bunkeya. Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika kwa Mulopwe Kasongo Kalombo mwaka 1874, alimkuta huko Juma Merikani, mfanyabiashara Mwislamu kutoka mashariki, amekwisha kujenga na kukaa. Baada ya kifo cha Kasongo Kalombo katika miaka ya 1880, warithi walipigana, na kila mmoja alitafuta wa kumpa bunduki. Pembezoni hakukuwa tena na sababu ya kupeleka ushuru makao makuu. Watu wa mashariki waliuzwa, walihama, walijificha, au walijiunga na misafara. Biashara hiyohiyo iliyoleta pingu ilileta pia Kiswahili. Hadi leo mtu wa Kiambi huzungumza Kiluba nyumbani na Kiswahili sokoni, kanisani na mbele ya askari. Hivyo ana uraia wa pili, wa lugha, unaomfikisha Kalemie, Lubumbashi na Kigoma. Historia za Baluba huutaja uraia huu juujuu, ingawa nadhani ndio uliowaokoa watu wengi walipolazimika kuikimbia nchi yao.

Wabelgiji walikuta ufalme uliopasuka, wakaupigilia msumari katika mpasuko wake. Kabongo na Kasongo Nyembo, warithi wawili waliogombana, walitambuliwa kila mmoja na nchi yake. Kasongo Nyembo alipoendelea kupinga, alitolewa madarakani na kupelekwa uhamishoni mwaka 1917. Lakini lililoigusa zaidi Luvua lilikuwa karatasi. Amri ya tarehe 2 Mei 1910 ilitaka kila mwenyeji awe wa usultani fulani unaojulikana na serikali. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 iliupanga upya mfumo huo kwa masultani na sekta. Kodi, kazi za lazima, kilimo cha lazima, ruhusa ya kusafiri na kesi zote zilipita katika daftari hilo. Ambaye jana alikuwa Muluba mbele ya bingwa wa lukasa na Muhemba, mtu wa kabila jirani, mbele ya wakwe zake, sasa aliandikwa mara moja. Wakati wa hesabu hizo ofisa Edmond Verhulpen alitoa kitabu kinene mwaka 1936 juu ya Baluba wa Katanga na watu waliogeuzwa Baluba. Serikali ilijua, basi, kwamba wengi walikuwa wamejiunga. Iliwaandika hata hivyo kana kwamba walizaliwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia.

Kinachofanana na hilo nakiona mbali sana na Luvua, katika Asia ya Kati. Tarehe 27 Oktoba 1924 utawala wa Kisovieti ulikata jamhuri ya Uzbekistan kutoka katika nchi zilizokuwa za Bukhara, Khiva na Turkestan ya Warusi. Kabla ya hapo mkazi wa Samarkand aliweza kujitaja kwa mji wake, kwa dini yake au kwa ukoo wake, huku akizungumza Kitajiki kwa mama na lugha ya Kituruki dukani. Baada ya hapo alipaswa kuwa Muuzbeki au Mtajiki, si vyote viwili. Uzbekistan ilipopata uhuru mwaka 1991, ilimsimamisha Amir Timur kuwa baba wa taifa, na mwaka 1993 sanamu yake ilipanda katikati ya Tashkent. Ilhali majeshi ya Kiuzbeki ya Muhammad Shaybani ndiyo yaliyowang'oa wajukuu wa Timur kutoka Samarkand mwanzoni mwa karne ya 16, na mmoja wao, Babur, akaishia kuanzisha dola India. Sisemi hivyo kuwakejeli Wauzbeki. Walifanya kama Baluba walivyofanya walipompokea Mbidi Kiluwe: walimchukua mgeni mwenye utukufu, wakamfanya baba. Tofauti iko katika mambo yaliyofuata. Muuzbeki aliyeandikwa alipata baadaye shule kwa lugha yake, kamusi, chuo kikuu na hatimaye dola. Muluba aliyeandikwa alipata kodi. Hakuna dola iliyobeba jina lake, na shule yake ilikuwa ya wamisionari.

Hao wamisionari nao waliongeza jambo la ajabu. Mfransisko Placide Tempels, aliyeishi miaka mingi kati ya Baluba wa Katanga, alichapisha mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Aliyoyasikia kwa wazee wa Kiluba aliyaeleza kama fikra za Wabantu wote, na kitabu hicho kikazua mabishano ya wanafalsafa wa Afrika ambayo hayajaisha. Kwa Wazungu wengi Muluba akawa mfano wa Mwafrika wote, wakati huohuo akifungiwa katika usultani mmoja kwenye ramani.

Mwaka 1959 Muluba wa kwenye daftari alipata chama. Jason Sendwe, msaidizi wa mganga na Mmethodisti, alikuwa kwanza katika CONAKAT, chama kilichoanzishwa Oktoba 1958 na watu wa Katanga waliohofia kumezwa na wageni, hasa Baluba wa Kasai waliofanya kazi migodini. Novemba 1959 aliwatoa watu wake na kuongoza BALUBAKAT. Katika uchaguzi wa Mei 1960 CONAKAT ilipata viti 25 kati ya 60 vya baraza la jimbo, na muungano wa BALUBAKAT ukawa nyuma yake kwa karibu sana, lakini serikali ya jimbo ikawa ya Moïse Tshombe, kiongozi wa CONAKAT. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya uhuru wa Kongo, Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Kaskazini yote iliwaka. Vijana wa BALUBAKAT waliteka Manono, na Januari 1961 huko ikatangazwa serikali ya jimbo la Lualaba lililo tiifu kwa umoja wa Kongo. Askari wa Tshombe na mamluki wao walirudi kuuchukua mji mwishoni mwa Machi. Tarehe 8 Novemba 1960, Niemba, kwenye reli ya Kalemie na Kabalo, wapiganaji wa Baluba walikuwa wamewashambulia askari 11 wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, wakawaua 9. Ireland inaomboleza siku hiyo mpaka leo. Vijiji vilivyochomwa na majeshi ya Tshombe kabla na baada yake havina siku ya maombolezo mahali popote, na hilo linaniuma.

Katika moto huo Uluba wa Luvua ulipata sura mpya. Sasa kuwa Muluba wa kaskazini kulimaanisha msimamo: pamoja na Patrice Lumumba, waziri mkuu wa Kongo, kinyume cha Tshombe. Tusisahau, hata hivyo, kwamba Kasongo Nyembo wa wakati huo, mrithi wa kiti chenyewe cha Mulopwe, alisimama upande wa Tshombe. Kitovu cha kifalme kilikwenda huku, watu wa mashariki wakaenda kule, na wote waliendelea kuitwa Baluba. Kama damu ndiyo ingeamua siasa, jambo hilo lisingewezekana. Mwaka 1962 jimbo la Katanga ya Kaskazini liliundwa, makao yake Albertville, yaani Kalemie ya leo. Sendwe aliliongoza, akauawa humo Juni 1964 wakati wa uasi wa Simba. Kutoka katika vijana wa chama chake alitokea Laurent-Désiré Kabila, ambaye Mei 1997 aliingia Kinshasa kama rais. Kaskazini ilishangilia. Mwaka uliofuata vita vipya vilianza, mstari wa mapigano ukapita Manono yenyewe, na umeme wa Mpiana Mwanga, bwawa la Luvua lililojengwa kwa ajili ya machimbo ya bati, ukawa ni habari ya wazee.

Kabla ya hapo kuna jeraha jingine ambalo Baluba wa Katanga hawapendi kulizungumza. Mwaka 1992 na 1993, chini ya gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa mamia ya maelfu. Wengi wao walikuwa Baluba wa Kasai. Kyungu mwenyewe alikuwa Muluba wa Katanga. Familia zilisubiri treni kwa wiki nyingi katika stesheni za Likasi na Kolwezi, watoto wakafa humo. Wafukuzaji na wafukuzwaji waliitwa kwa jina moja la kabila, na masimulizi ya Kasai pia yanasema mababu walitoka upande wa Lualaba. Kilichowatenganisha ni mpaka wa jimbo uliochorwa na serikali, na swali la nani ale mshahara wa mgodi. Ndiyo maana siamini maelezo yoyote ya machafuko ya kwetu yanayoanzia na kuishia kwenye kabila.

Hapo ndipo tunafika kwa Batwa, ambao upande wa ziwa huitwa pia Bambote. Wao ni wawindaji na waokotaji wa msitu, na majirani wao hukubali kwa kawaida kwamba walitangulia kuikaa nchi hii. Katika mpango wa kale walikuwa na nafasi, ingawa haikuwa ya usawa. Walileta nyama, asali na dawa. Walipata chuma, chumvi na chakula cha shamba. Daftari la Wabelgiji liliwaacha bila usultani. Mtu asiye na usultani hana ardhi inayotambulika, hana mzee anayekaa barazani, hana wa kumsemea kortini. Amekuwa mtu wa mtu. Kufikia miaka ya 2000 misitu ilikuwa imepungua, Batwa wengi walikuwa wakilima mashamba ya Baluba kwa ujira wa chumvi, nguo kuukuu au sigara. Kisha kuna jambo la ndoa. Mwanamume Muluba alimchukua mwanamke Mutwa, mara nyingi bila mahari. Mwanamume Mutwa akionekana na mwanamke Muluba, ilikuwa kashfa, faini, au kipigo. Mtu anayetaka kujua ukuta wa kabila uko wapi hasa, atazame ni nani anaruhusiwa kuoa wapi.

Mwaka 2013, katika teritwari ya Manono, ambako tayari wanamgambo wa Kata Katanga walikuwa wamezoesha watu mtutu na moto, ugomvi wa Batwa na Baluba uligeuka vita vya mishale na mapanga. Ulienea Nyunzu, Kabalo na Kalemie. Batwa waliunda vikundi vyao, Baluba wakaunda vya kwao vilivyojulikana kama Éléments. Tarehe 30 Aprili 2015 wanamgambo wa Baluba waliingia kambi ya Batwa waliokimbia makwao huko Nyunzu, wakaua watu wasiopungua 30. Baadaye, hasa tangu katikati ya 2016, Batwa nao walichoma vijiji vya Baluba na kuua raia. Cheche ya mwaka huo, upande wa Kabalo, ilikuwa ushuru ambao Baluba walitaka kuwatoza Batwa kwa viwavi wa kula waliookotwa msituni. Ushuru wa viwavi! Lakini tazama maana yake: anayetoza ushuru wa kitu kilichookotwa msituni anadai kwamba msitu ni wake, na aliyeokota ni mgeni. Kufikia 2018 watu zaidi ya laki sita walikuwa wamehama makwao katika jimbo la Tanganyika. Mashamba ya muhogo na kalanga yaligeuka pori, na kandokando ya Kalemie mahema yalienea kadiri jicho linavyoona.

Februari 2017 viongozi wa pande zote walikutana Kalemie, na kutoka huko zikaanzishwa baraza za amani katika vijiji, ambamo Batwa na Baluba hukaa pamoja kusikiliza mashauri. Naziheshimu baraza hizo, maana zimezuia vifo. Zina kasoro moja: zinapatanisha watu ambao mbele ya sheria hawako sawa. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 ya kulinda haki za watu asilia wa jamii za Pigmi inawapa haki katika ardhi na misitu wanayoishi. Ni sheria nzuri kwenye karatasi. Ili ifike Luvua inabidi mtu aende na ramani, aulize msitu huu ni wa nani, na akubali jibu ambalo halikuandikwa mwaka 1933.

Na wakati wa kuuliza umefika vibaya, kwa sababu Manono sasa inatajwa duniani kwa lithiamu. Mgao wa machimbo, fidia za ardhi na ajira vitagawanywa kwa kufuata orodha za wenyeji. Kila orodha ya namna hiyo italirudisha swali la Muluba ni nani, safari hii likiwa na fedha nyuma yake. Watakaojiita wenye nchi wataleta nasaba, na zipo nasaba za kutosha kumpa kila mtu haki.

Batwa wanadai jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa historia ya Kiluba angelitambua mara moja: wanataka vijiji vyao vitambuliwe, viwe na wazee wao wenyewe, na viti katika baraza la sekta. Ndivyo hasa Mulopwe alivyowapa masultani wa mashariki zama za Kumwimbe Ngombe, alipowapelekea fimbo na kiti, akawaacha waendelee kuwa watu wa kwao. Baluba wa Kiambi waliingia katika historia ya Uluba kupitia mlango huo, na bado wana mamlaka ya kuufungua kwenye vikao vya sekta yao kabla Kinshasa haijatuma mtu na ramani.